Ukuta wa MAGODO

9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Na shikamoo ya Mama mfikishie mkononi kabisa, umwambie nimekula, maana najua hilo ndilo atakalouliza kabla hujafungua bahasha. Msalimie Shemeji. Sanduku alilonipa limefika zima, mimi ndiye niliyefika vipande vipande. Mpwa wangu mwambie mjomba wake hajamsahau, ila asitegemee zawadi mwezi huu.

Nimepata chumba juu ya duka la fundi saa. Kina dirisha moja na kitanda kinacholalamika kuliko mgonjwa. Asubuhi saa zote za chini hulia kwa zamu, hakuna hata mbili zinazoelewana. Kontrakta wangu ni mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza aliniuliza, "Wewe unajua kupaka, au unajua kupakapaka?" Nikamwambia anipe ukuta aone. Amenipa mtaa mzima wa maduka, na wenzangu wameanza kuniita Kitinda, sijui nani aliwaambia kwamba mimi ni mtoto wa mwisho. Labda inaonekana usoni.

Ahadi yetu naikumbuka. Nijaribu huku mpaka mwisho wa Agosti, halafu nichague: nibaki, au nije mjini kwenu kwenye kiwanda cha mabango ambako Shemeji ameniwekea nafasi. Sijachagua. Ila ngoja nikupe habari yenyewe.

Dada, Baba yuko kila mahali huku.

Unajua mimi simkumbuki. Alipoanguka nilikuwa bado nanyonya. Wenzangu waliachiwa nasaha na baba zao. Mimi niliachiwa kibao alichokiandika cha mlangoni kwa Mama, FUTA MIGUU. Nimekua nikikitazama kibao kile mpaka nakijua kuliko uso wangu: ile A yenye mstari ulioshuka chini, kama mkanda wa mtu mwenye kitambi, ile G inayouma mdomo, na kile kivuli cha kijivu upande wa kushoto wa kila herufi. Sasa nashuka hapa, nageuka kwenye mtaa wa maduka, naikuta A yenye kitambi: TUNASHONA VIATU NA MIKOBA. Hatua chache mbele, MBWA MKALI. Halafu USIEGESHE HAPA, na mimi hata baiskeli sina. Halafu USIKOJOE HAPA, kwa herufi nzuri kiasi kwamba mtu anaona haya hata kama hakuwa na nia. Nilisimama mbele ya mbwa mkali nikacheka peke yangu. Nimekemewa na baba yangu siku moja kuliko maisha yangu yote, na sikujua kama kitu hicho kinaweza kumfurahisha mtu hivi.

Ukuta wenyewe, ule alioanguka akiuandika, nimeuona kwa mbali, mwisho wa mtaa, juu ya ghala la magodoro. Sikuhitaji kumwuliza mtu. Neno limekatika: MAGODO. Mwisho wake haukuandikwa kamwe, na kila mwenye ghala anaogopa kumwita fundi mwingine amalizie. Huko sipiti. Nazunguka kwa nyuma.

Mdogo wako.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Tumefurahi kusikia umefika. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, yakipata jua yanatulia. Anauliza kama una blanketi la pili. Mpwa wako ameng'oka jino la mbele na sasa anajiona mzee. Shemeji yako hajambo, anasema sanduku si zawadi, ni azima.

Mimi nipo, na kazi ya kupiga chapa kwa wakili inaendelea. Watu wanashtakiana mwaka huu kuliko mwaka jana.

Nimekwenda mwenyewe kiwandani kukuulizia. Ni mahali pasafi. Herufi zinakatwa na mashine, za plastiki, zote sawasawa, unazipanga na kuzigandisha. Hakuna kupanda ngazi. Mafundi wana viti. Msimamizi amesema atakungoja mpaka mwisho wa Agosti, baada ya hapo atachukua mtu mwingine. Usilifanyie mchezo.

Mji huo nimeukaa miaka miwili nilipokuwa nafanya kazi ya hoteli, kwa hiyo siongei kwa kusikia. Una unyevu. Unyevu wa huko unaingia kwenye nguo, kwenye mkate, mpaka kwenye kichwa cha mtu. Mji wenyewe wengi wanaupenda mwanzoni.

Mengine uliyoandika nimeyasoma.

Dada yako.


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nikiwa na mafua, na kabla hujasema "nilikwambia", si unyevu, ni vumbi la msasa. Mama mwambie blanketi la pili ninalo. Jino la mpwa wangu lilikwenda wapi? Asilimeze tu.

Lakini Dada, kuniandikia kwa taipu! Nimefungua bahasha nikidhani nimeitwa mahakamani. Hata jina lako umelipiga kwa mashine. Siku ukinipenda tena niandikie kwa kalamu.

Sasa nina jambo, nalisema kama lilivyo. Mtaa wa pili kuna saluni. Juu ya mlango imeandikwa SALUNI: KARIBU UPENDEZE. Ni herufi zile zile, kitambi kile kile, kivuli cha kijivu kushoto. Nilikuwa nikiisalimia kila asubuhi kama wengine wote, mpaka juzi nilipopita na kontrakta, akasema jengo lile lilijengwa yeye akiwa tayari ana mke na watoto, na kwamba siku Baba alipoanguka yeye alikuwa bado mvulana. Nikapiga hesabu, nikairudia. Dada, saluni ile haikuwepo Baba alipokuwa hai. Mlango haukuwepo. Ukuta haukuwepo.

Nani aliandika?

Nimeshindwa kumwuliza msusi. Nafika mlangoni, namwona anasuka watu, naondoka. Ninaogopa, na sijui nikwambie naogopa nini, kwa sababu Mama alikuja huku akamzika, na kaburi nimelitembelea, nimeling'olea majani. Lakini tangu siku ile nikipita mtaani naona kama rangi haijakauka. Juzi niligusa MBWA MKALI kwa kidole. Ilikuwa kavu, bila shaka. Niliunusa mkono hata hivyo.

Wewe ulikaa huku. Ulikuwa unamfahamu, alikuwa akikuchukua kazini shule zikifungwa. Niambie unachojua.

Mdogo wako.


11 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Wakili alikuwa na kesi ya mirathi, ndugu saba, kila mmoja na maelezo yake. Mama hajambo, magoti yamepungua. Shemeji yako anakusalimu. Mtoto ameota jino jipya, limekaa upande.

Kuhusu ulichouliza. Watu huiga, si jambo la kushangaza. Fundi mzuri akifa, wengine wanachukua mtindo wake. Usijitie mawazo. Wala usianze kuulizana na watu wa saluni. Msusi yule ukimpa mdomo hutamnyamazisha mpaka jioni, na nusu ya maneno yake ni chumvi.

Mama usimwandikie habari za maandishi. Nakuomba sana katika hilo.

Kiwandani wameleta mashine mpya. Msimamizi aliniuliza kama una mkono mtulivu, nikamwambia ndiyo. Nafasi ipo. Nimeanza kusafisha chumba cha nyuma utakachokaa, kina dirisha linaloangalia uwanja na ukuta wake hauna kitu. Uje, mdogo wangu. Nakuomba uje.

Dada yako.


29 Juni

Dada,

Shikamoo, na ya Mama, na salamu za wengine wote. Leo sina utani mwingi.

Umejuaje kwamba msusi yule ana mdomo? Mimi sikukuambia. Niliisoma sentensi ile mara nyingi, nikaikunja barua, nikaenda saluni moja kwa moja nikiwa na nguo za kazi na rangi kwenye nyusi.

Nikamwuliza, "Mama, bango lako aliandika nani?"

Akasema bila hata kugeuka, "Binti mmoja. Mwembamba, ana kovu hapa kidevuni. Akiandika alikuwa anatoa ncha ya ulimi kama mtoto. Alifanya kazi kwenye ile hoteli ya kona."

Nikamwuliza kama binti huyo aliandika hilo moja tu.

"Moja? Kila Jumapili alikuwa juu ya ngazi! Alianza na viatu, akaja kwenye mbwa, akamaliza mtaa huu na ule. Yalikuwa yamebanduka yote, yamekaa vibaya. Yeye akayarudisha kama yalivyokuwa. Nami nikamwomba aniandikie langu, hakutaka hata soda. Nikamwuliza, binti, mbona unaandika kama yule marehemu aliyeanguka? Akanijibu, sijui kuandika vingine."

Halafu akanitazama vizuri. Nadhani aliona kitu usoni kwangu, labda kidevu. Nikamshukuru nikatoka.

Kwa hiyo ulikuwa wewe. Miezi yote hii nimekuwa nikitembea mtaani nikisalimiana na Baba, nikimpa habari, ndiyo, nilikuwa nampa habari, usinicheke. Nilimweleza MBWA MKALI mambo ambayo hata wewe sijakuambia. Kumbe nilikuwa naongea na wewe, ambaye hujibu hata kwenye barua.

Na sasa nimejua kwa nini taipu. Nimekaa nikajaribu kukumbuka mwandiko wako, sikumbuki. Tangu uolewe hujaandika kitu mbele yangu, hata orodha ya sokoni. Ukiandika, anatoka yeye. Ni hivyo? Mji huu ulikufanya nini, Dada?

Nina ombi moja tu. Niambie yapi ni ya kwake. Lazima kuna mengine hukuyagusa. Usinieleze kitu kingine kama hutaki, niandikie orodha tu: hili langu, hili lake. Nikijua, nitachagua. Kama yupo huku, hata kwenye bango moja, nitabaki karibu naye, maana sijawahi kuwa karibu naye. Kama hayupo, nitakuja kwenu nikagandishe plastiki na nitakuwa mtu mwema. Lakini siwezi kuchagua mji bila kujua nani anakaa ndani yake.

Nijibu mapema.

Mdogo wako.


16 Agosti
(Barua hii haikupelekwa posta.)

Dada,

Shikamoo. Julai imepita, na hukujibu. Nilikwenda posta mpaka karani akawa ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni. Basi nimekuelewa. Hukuandika orodha kwa sababu hakuna orodha. Yote ni yako, na hutaki kuniambia.

Wiki iliyopita ghala la magodoro liliuzwa. Mwenyewe mpya anataka ukuta mweupe mpaka juu, na mpaka mwaka ujao hajui ataandika nini. Kontrakta akauliza nani atapanda. Wenzangu wakaangalia viatu vyao. Nikasema, mimi.

Nikuambie kwa nini. Nilikuwa nimechoka. Nikitoka asubuhi naona macho yako kwenye kila mlango, au macho yake, sijui tena. Nilikuwa nimefika mahali nafunga dirisha nisisome. Nikasema, nikiliondoa lile neno, ambalo hata kulikaribia naogopa, mji utakuwa mji tu, na mimi nitaweza kufunga sanduku la Shemeji.

Kazi niliifanya vizuri. Sikupaka juu ya rangi iliyobanduka. Mama husema Baba alikuwa mkali sana kwa hilo, kwanza ukwangue mpaka plasta, ndipo upake. Nilikwangua mpaka plasta. M, A, G, O, D, O, zote zilishuka zikawa vumbi, halafu nikapiga mikono mitatu ya rangi nyeupe. Huwezi kujua kwamba kuliwahi kuwa na kitu.

Jambo moja lilinichekesha huko juu. Pale O ya mwisho ilipoishia kulikuwa na mstari mweusi mrefu, ulioshuka kwa mshazari kutoka kwenye herufi mpaka karibu na paa la baraza. Kutoka chini nilidhani ni uchafu wa mfereji wa maji. Kumbe ni rangi. Nikasema, ala, hata Dada huharibu kazi! Mkono ulimponyoka, akaona haya kusema. Nilianza kukwangua hapo, kwa sababu palikuwa panaudhi macho.

Kwa hiyo nimechagua. Nakuja. Nitafika kabla ya mwisho wa mwezi, mwambie msimamizi. Sijakasirika sana. Nilikuwa nimekasirika, lakini kukwangua kunamaliza hasira.

Barua hii nitaiposti kesho asubuhi nikienda kazini.

Mdogo wako.


10 Agosti
(Barua hii ilifika tarehe 17.)

Mdogo wangu,

Marahaba. Usishtuke ukiona mwandiko. Nimepiga barua hii kwa taipu nikaichana, nikapiga nyingine nikaichana, mpaka wakili akaniuliza karatasi zinakwenda wapi. Sasa naandika kwa mkono mezani kwa Mama, na wewe utaona mwenyewe ni mkono wa nani.

Ulichoambiwa saluni ni kweli. Nilipokuwa na umri wako niliuchagua mji huo kwa sababu ile ile yako. Baba alinifundisha herufi nikiwa mdogo, alikuwa akinishika kifundo cha mkono tukiandika pamoja, na nilitaka kukaa pale alipoandika. Nikafika nikakuta anabanduka. Kila mvua ikinyesha kipande chake kinaanguka barabarani, watu wanakikanyaga. Sikuweza kuvumilia. Nikanunua rangi, nikaomba ngazi hotelini.

Lakini alinifundisha kazi, na kazi ina utaratibu. Hupaki juu ya rangi inayobanduka. Unakwangua kwanza mpaka plasta. Nami nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikwangua bango baada ya bango, nikaandika upya juu yake kama alivyoandika, mstari kwa mstari. Nilikuwa na furaha, nisikudanganye. Siku nilipomaliza ule mtaa nilishuka nikaukung'uta msasa, nikaona vumbi lile kwenye aproni yangu, ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Nilikuwa nimemfuta. Kila mahali alipokuwa, nilikuwa nimemwondoa kwa mikono yangu na kujiweka mimi.

Baada ya hapo mkono haukurudi. Nikiandika jina langu, anaandika yeye. Siku ya ndoa yangu nilitia sahihi, Mama akachungulia, akatoka nje. Hukujua kwa nini alitoka. Tangu siku ile sishiki kalamu mbele yake. Ndiyo maana sikutaka ukae huko, mdogo wangu. Nilikuwa naogopa mji ule utakuchukua kama ulivyonichukua mimi. Nilifikiri nikinyamaza utachoka na kuja.

Na FUTA MIGUU pia ni yangu. Ilikuwa imefifia, niliirudia kabla wewe hujajua kusoma. Nisamehe kwa hiyo kuliko kwa yote mengine.

Umeomba orodha. Ni fupi. Baba ameandika neno moja tu katika mji huo, yale mengine yote ni mimi. Ni lile la ghala la magodoro. Ule ukuta sikuugusa. Nilikwenda na ngazi Jumapili nyingi, nikaiegemeza, nikashindwa kupanda. Waliomwokota walisema brashi ilikuwa bado mkononi. Nilikuwa naogopa kuona mstari wa mwisho ulikuwaje. Kama ulitulia, au kama alijua.

Nenda ukamwone. Panda, uguse, hakuna mtu mwingine kati yako na yeye pale. Halafu uniambie ule mstari ukoje. Niambie ukweli, nina umri wa kutosha.

Jana nilimwambia Mama kila kitu. Nilimwambia pia kwamba neno lile bado lipo. Akauliza kama pana mahali pa mtu mwenye magoti mabaya kusimama akaona vizuri. Hajawahi kuomba kitu, unamjua. Nimemwahidi nitamleta mwisho wa mwaka.

Mji chagua mwenyewe. Kiwandani nafasi ipo, chumba kipo, lakini sikuvuti tena.

Dada yako, kwa mkono wangu.


24 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilikaa posta siku kadhaa, karani alikuwa likizo, lakini imefika na nimeipata. Mwandiko nimeuona. Niliutazama kwanza bila kusoma, nikaisoma baadaye. Mama mwambie nimekula. Mpwa wangu mwambie jino likikaa upande ni sawa, mjomba wake analo kama hilo na hajakosa kutafuna.

Kwanza, sina cha kukusamehe, kwa hiyo usiniombe tena.

Pili, nimepanda. Nilikwenda asubuhi, ukuta bado haujapigwa jua. Ni rangi nene, Dada, nene kuliko tunayotumia sasa, ukipitisha kidole unasikia kingo za herufi. A ina kitambi chake. G inauma mdomo. Kivuli kipo kushoto, kimefifia kidogo. Nilikaa huko juu mpaka kontrakta akaniita.

Umeuliza mstari wa mwisho. Umetulia. O imefungwa vizuri kabisa, mwanzo na mwisho vimekutana, na brashi imenyanyuliwa pale inapotakiwa kunyanyuliwa. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Nadhani alikuwa amemaliza herufi, akageuka kuchukua rangi, basi. Hakujua kitu. Mwambie Mama hivyo hivyo, kwa maneno haya, na wewe pia ulale.

Kiwandani waambie wampe nafasi mtu mwingine, na uwashukuru. Nimechagua, nabaki huku. Shemeji mwambie sanduku lake nitalirudisha kupitia mtu wa kuaminika. Nimemwambia mwenye nyumba kwamba sihami, na fundi saa wa chini amefurahi, au pengine ndivyo uso wake ulivyo.

Kuhusu kuja na Mama, nitafurahi sana. Ila msije ghafla. Niambieni mapema, mapema kabisa, niwatafutie mahali pa kusimama na niweke kila kitu sawa. Mvua za huku zinachelewa kuisha, ikiwezekana ngojeni mwaka ujao.

Na nina ombi. Barua ijayo usipige taipu. Andika kwa mkono, na kwenye karatasi ya pili niandikie lile neno la ukutani peke yake, kwa herufi kubwa, karatasi nzima, kama alivyokuwa akikushika mkono. Nataka kuibandika chumbani. Kontrakta amenipa mabaki ya mbao na brashi nyembamba, na siku hizi nikitoka kazini najifunza herufi. M imekubali. A inaanza kukubali. O bado inanishinda.

Mdogo wako,
Kitinda.